Kikombe Ambacho Constance Hakukionja

Francine wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, alikuwa na sauti iliyofika mahali kabla yake. Pale sokoni Nyawera wateja walimsikia wakiwa bado wanashuka kwenye pikipiki, na wamama waliokaa jirani naye walikwisha kukata tamaa ya kushindana naye. Walisubiri apumue, ndipo nao wakataja bei zao haraka haraka. Walimpa jina la Redio. Hakukasirika. Alisema redio isiyowaka ni sanduku tu, kisha akaendelea kuita wateja.

Nyumbani kwake, Cimpunda, nyumba zimepandana kilimani, na bati la huyu liko usawa wa mlango wa yule. Ng'ambo ya kijia alikaa Constance, mjane aliyetoka Kabare, mpishi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi inayowakalisha wanaume kwenye benchi tangu saa tisa hadi wake zao waje kuwachukua. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na shimo ambamo alifukia ndizi mbichi, akazifunika majani, akasubiri siku kadhaa zilainike. Mwanamke mpole, mwenye maneno machache, lakini akisema moja linakufuata hadi kitandani. Francine alimpenda kama ndugu. Constance ndiye aliyempokea Carmel, binti wa Francine, alipozaliwa ghafla siku ya mvua, na tangu hapo hakuna arusi kilimani ambayo wawili hao hawakuifungulia ngoma pamoja, Francine mbele na kelele zake, Constance nyuma akirekebisha hatua.

Sasa, Bukavu kuna adabu ambayo hata mtoto anaijua. Anayekuletea kinywaji anakionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Anakuonyesha kwamba humo ndani mna kinywaji na si kitu kingine, maana watu wa huku wanaogopa karuho, sumu ya kutegewa kikombeni, kuliko wanavyoogopa radi, na radi zetu si za mchezo. Constance alikuwa ameacha kumwonjea Francine miaka mingi. Francine mwenyewe ndiye aliyemwuliza siku moja kama ataonjewa hadi lini, yeye ni mgeni gani asiyeondoka. Tangu siku hiyo kikombe kilimfikia kimejaa, na wote wawili walijivunia jambo hilo. Kikombe hicho kilichojaa nusura kivunje urafiki wao.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa na baada ya mvua. Francine alikaa kwa Constance, akanywa kikombe kimoja, akacheka vya kutosha, akaaga ashuke kununua makala, mkaa wa kupikia. Hapo ndipo kumbukumbu yake inapokatika. Mpaka leo ukimwuliza anakuambia alikuwa mlangoni kwa Constance akitafuta kiatu chake cha plastiki, na papo hapo akajikuta amekaa kitandani kwake, wifi yake Micheline amemkodolea macho. Katikati hakuna kitu.

Carmel, binti yake wa mwisho anayesomea ualimu, aliona zaidi. Alimwona mama yake akirudi kwa miguu yake mwenyewe, mfuko wa makala kichwani, anacheka, kitenge kimejaa tope. Lakini siku ya mvua Cimpunda nani hana tope? Kilichomshangaza ni swali. Mama aliuliza leo ni siku gani. Akajibiwa. Akauliza tena, kisha tena, kama mtu ambaye hajauliza. Halafu akatapika, akashika kichwa, akaomba mlango ufungwe kwa sababu mwanga unamchoma.

Micheline, dada ya mumewe, ni mwanamke mwenye moyo mzuri na haraka mbaya. Aliuliza umekula nini, umekunywa nini, umekunywa kwa nani. Kwa Constance. Akauliza kama Constance alionja. Na Francine, amefumba macho, kichwa kinapasuka, akasema ukweli mtupu:

"Hakuonja."

Neno moja tu. Kesho yake Micheline na mume wa Francine, Lucien fundi seremala, walimpeleka kwa mganga mmoja upande wa barabara ya Kavumu, anayejulikana kwa kutoa karuho matumboni mwa watu. Wakamnywesha majani machungu, akatapika hadi machozi yakamkauka. Mganga akachungulia ndani ya beseni, akatangaza kwamba karuho ilikuwepo na imetoka yote. Kabla ya jua kutua kilima kizima kilikuwa na habari. Tumbo la Francine likawa safi kabisa. Kichwa kikabaki vilevile.

Alirudi sokoni kabla ya wakati, kwa sababu kukaa nyumbani kulimwudhi. Masikini Redio. Alifungua kinywa kuita wateja, sauti yake mwenyewe ikamgonga ndani ya fuvu. Honi za pikipiki, wapagazi wakiomba njia, muziki wa muuza simu, vyote vilimwingia pamoja bila mpangilio. Na asubuhi moja, mteja amesimama mbele yake na mfuko wazi, akasahau neno sambaza. Mwanamke aliyelitamka neno hilo tangu usichana wake. Akasema nunua hizi, hizi vitu vya ziwani. Wenzake walicheka hadi wakajifuta machozi, naye akacheka nao, halafu akaenda nyuma ya magunia akalia, yeye ambaye hakulia hata alipozaa. Mchana alilala kama mtoto mchanga. Jioni alimfokea Lucien kwa kupiga msumari, na kupiga misumari ndiyo kazi ya Lucien.

Na Constance? Benchi lake lilikuwa tupu. Wanaume waliokalia benchi hilo walipata mabenchi mengine, wakapita mlangoni kwake wakiangalia upande wa ziwa kana kwamba ziwa limeletwa jana. Hakuna aliyemshtaki popote. Walimwacha tu, na katika kilima kama kile kuachwa kunatosha. Francine, na hapa siwezi kumtetea, aliamini nusu. Asubuhi kichwa kikitulia alisema haiwezekani, Constance hawezi. Mchana kichwa kikianza kugonga alijiuliza, basi kama si yeye ni nini? Na hakuvuka kijia kumwuliza. Aliogopa jibu, akaogopa zaidi uso wa yule aliyempokea mtoto wake.

Kilichofungua mambo ni nywele. Misuko ilimvuta ngozi ya kichwa mpaka ikawa haivumiliki, basi Carmel akakaa nyuma yake, akaanza kuifumua mmoja mmoja. Alipofika nyuma, juu ya shingo, mkono wake ukasimama. Kulikuwa na kovu bichi na uvimbe uliobaki kidogo, umejificha chini ya misuko muda wote huo. Carmel aliuliza mama alijigonga wapi. Mama akasema hakujigonga popote, na akakasirika kwa kuulizwa. Carmel hakubishana. Alimfunga kitambaa, akamwita baba yake, wakaenda hospitali.

Daktari aliitwa Aganze, kijana mwenye miwani, asiye na haraka hata kidogo. Alimwangalia macho kwa taa ndogo, na Francine akamlaani taratibu. Alimtembeza juu ya mstari wa sakafu, kisigino mbele ya vidole, akayumba. Alimpa maneno ya kushika, mlango, ndizi, kanisa, wakaongea mambo mengine, halafu akamwomba ayarudishe. Likarudi ndizi peke yake. Daktari akasema huo ni mtikisiko wa ubongo, kwa Kifaransa commotion, na Francine akasema haiwezekani, hakuanguka.

"Maman, unajua avoka yenye iliiva sana?" daktari akamwuliza. "Ukiitikisa, mbegu inagonga ndani. Inje iko muzima. Ubongo yako njo ile mbegu."

"Lakini docta, sikuanguka. Ningejua."

"Batu bengi habakumbuke. Kichwa njo inashikaka mambo, na ile saa yenyewe ilikuwa inagongwa."

Akawaeleza bila kuwatisha. Mtu si lazima azimie ndipo tuseme ubongo umetikisika. Kutapika, kuchukia mwanga na kelele, kusahau maneno, kulia bila sababu, kufoka, kulala mchana kutwa, vyote vinatoka mlango mmoja. Wengi hupona kwa majuma machache, wengine huenda miezi, na Francine huenda yuko kwenye kundi la pili, hasa kwa kuwa alinyweshwa majani na kukimbilia sokoni badala ya kupumzika. Kupumzika kwenyewe si kujifungia gizani kama mfungwa. Afanye kidogo, aache kabla kichwa hakijalalamika, kesho afanye kidogo tena. Pombe aiache kwanza. Ajihadhari sana na utelezi, kwa sababu pigo jingine juu ya kichwa ambacho hakijapona ni jambo baya. Na kama akianza kutapika upya, au mkono ukalegea, au wakashindwa kumwamsha, wasiende Kavumu, waje mbio hapa.

Katika maneno yote hayo Francine alishika moja zaidi ya mengine: machozi yake yana sababu. Hakuwa anapata wazimu, wala hakuwa anageuka mwanamke mwingine mwenye roho mbaya. Furaha ilimpanda ghafla akacheka mle mle chumbani mwa daktari, kichwa kikamwuma, akaendelea kucheka huku amekishika kwa mikono miwili. Lucien, mtu wa maneno machache, alisema huo mwezi wote hajasikia kitu kizuri kama hicho.

Basi akajifunza kuishi na kichwa chake kipya, kama mtu anavyojifunza kuishi na mama mkwe. Alienda Nyawera alfajiri, sambaza zikiwa bado zinang'aa, akakaa kwenye kona yenye kivuli, kofia ya majani ya Lucien imemfunika hadi nyusi. Hakuita mtu. Alifunga kitenge cha njano juu ya kijiti ili wateja wamwone wasipomsikia, na ajabu yake, walikuja. Walisema kwa Francine siku hizi mtu anaweza kuchagua samaki bila kuziba masikio. Soko lilipoanza kuchemka yeye alikuwa anapanda kilima polepole, ameshika mkono wa Carmel penye utelezi. Siku nyingine kichwa kilikataa kabisa, akabaki kitandani na hakujilaumu. Neno likimtoroka aliliacha liende, akaonyesha kwa kidole, na mara nyingi lilirudi lenyewe akiwa anaosha vyombo, akalitamka kwa sauti jikoni peke yake, akafurahi.

Lakini kila alipofungua mlango aliona benchi tupu ng'ambo. Kama alianguka kweli, basi Constance alikuwa ameteswa bure, na kwa kinywa chake yeye. Micheline hakutaka kusikia. Kwa Micheline, daktari anasoma vichwa, vikombe hasomi, na tena ni nani aliyemwona Francine akianguka?

Jibu lilikuwa Luvungi likivuna mpunga. Chini ya kijia, penye mfereji wa mawe, hukaa Papa Bulonza, mshona viatu, mtu mzima anayeheshimu neno lake kupita kiasi. Asubuhi iliyofuata Jumapili ile ya mvua alikuwa ameteremka Luvungi kumsaidia ndugu yake shambani. Aliporudi, nusu gunia la mchele begani, alisimama mlangoni kwa Francine, akauliza kwa upole:

"Maman Carmel, kichwa ilipona?"

Francine alimkalisha, akamwuliza amejuaje habari za kichwa. Papa Bulonza akasita, akasema aliapishwa, lakini kwa kuwa mwenyewe anauliza, sawa. Akasimulia jinsi miguu ya Francine ilivyotangulia mbele kwenye tope, jinsi kichwa kilivyogonga jiwe la mfereji, mlio akausikia akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Francine alilala pale kidogo macho wazi, hasemi. Halafu akaketi, akacheka, akamwapisha asimwambie mtu yeyote, kwa sababu mwanamke anayetoka kwa Constance akianguka watu watasema amelewa. Papa Bulonza akaapa. Alikwenda na siri hiyo hadi Luvungi, akarudi nayo pamoja na mchele.

Francine alicheka, akalia, akamwita Micheline, akamwomba Papa Bulonza arudie tangu mwanzo. Micheline alisikiliza akiwa amesimama. Lilipofika jiwe la mfereji, alikaa chini.

Siku hiyo hiyo Francine alivuka kijia. Alimkuta Constance anafunga vyungu vyake kwa kamba. Alikuwa anarudi Kabare, kwa kaka yake. Jumatatu gari lingekuja. Francine alimweleza yote, mtelezo, jiwe, kiapo, daktari na avoka, maneno mengine yakimkimbia katikati, akiyafuata kwa mikono. Akaomba msamaha. Constance alisikiliza hadi mwisho, kamba mkononi.

"Nilishakusamehe," akasema. "Lakini jina yangu iliharibikia mbele ya batu. Mbele ya batu njo itatengenezeka."

Alikuwa na haki, na Francine alilijua hilo kabla hajavuka tena kijia. Akaomba mkutano wa shirika, ile jumuiya ya sala ya kilima chao, ufanyike kwake Jumapili. Kwa mtu mwenye kichwa kama chake ilikuwa sawa na kuwaalika nyuki nyumbani. Watu wengi, chumba kidogo, nyimbo, makofi, na yeye asimame aseme maneno bila kuyapoteza. Kama angeshindwa, gari lingekuja Jumatatu na urafiki wao ungepakiwa pamoja na vyungu.

Jumapili hiyo alilala asubuhi yote akiwekea kichwa akiba. Carmel alitundika vitenge madirishani kuzuia mwanga. Ngoma waliziacha kanisani, na Lucien alisimama mlangoni akiwaonya watu wapige makofi kwa vidole viwili. Walifanya hivyo kweli. Hebu fikiria shirika zima la Bukavu linaimba kwa kunong'ona na kupiga makofi kama panya wanatembea darini. Watoto walibana vicheko, wamama wakabana vyao, na sala ikaenda vizuri kuliko siku nyingi.

Constance alikuja mwisho, akakaa karibu na mlango, kibuyu mapajani. Kilikuwa cha mutobe, maji matamu ya ndizi kabla hayajawa pombe, kwa sababu Carmel alikuwa amemweleza kwamba daktari amekataza pombe. Hakuna aliyemsogelea.

Francine akasimama, kofia ya majani kichwani humo humo ndani ya nyumba.

"Miye nilianguka," akaanza. "Papa Bulonza aliniona, iko pale, mumuulize. Njo maana nilitapika, njo maana nasahau. Nilisema hakuonja. Ilikuwa kweli. Hakuonja juu tuko barafiki. Hakuna karuho. Sasa huyu rafiki yangu, huyu…"

Likatoroka. Jina lenyewe. Alimwangalia yule mwanamke, uso anaoujua kuliko wake mwenyewe, na mahali pa jina pakawa peupe. Micheline akafumba macho. Kichwa cha Francine kilianza kugonga, akaona gari la Jumatatu.

"Jina yake inaniponyoka," akakiri.

Constance hakuinua macho kutoka kwenye kibuyu.

"Constance," akasema.

"Njo," Francine akasema. "Constance."

Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, akajizuia. Constance akainuka, akamimina mutobe ndani ya kikombe kile kile cha siku zote, akasimama mbele ya Francine. Halafu, watu wote wakimtazama, akakipeleka kikombe kinywani mwake mwenyewe ili aonje, kama mtu anavyomfanyia mgeni. Ilikuwa ndiyo adabu. Hakuna ambaye angemlaumu, na jina lake lingesafishika hivyo tu. Francine akamshika mkono.

"Acha," akasema. "Kwangu weye hauonjake."

Akakichukua kikombe, akanywa. Alikunywa polepole, koo likipanda na kushuka mbele ya kilima kizima, hadi mwisho, akakipindua watu waone.

Wa kwanza kunyanyuka alikuwa Micheline. Alinyoosha kikombe chake kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, akamwambia Constance amjazie na asionje. Nyuma yake akaja Papa Bulonza, kisha Lucien, kisha wanaume wa benchi mmoja mmoja wakiangalia miguu yao, kila mmoja akiomba ajaziwe bila kuonjewa, wakisukumana hadi mlangoni. Kibuyu kikaisha kabla nusu yao hawajapata. Constance akachungulia ndani, akakitikisa, akauliza kwa upole wake ule ule kama kuna aliyemfikiria mpishi.

Francine alicheka. Ilikuwa ile sauti ya zamani ya Nyawera, nzima nzima, bati likasikia. Palepale akashika kichwa kwa maumivu, bado anacheka, na Constance akamkalisha, akavua kitambaa chake, akamfunika nacho macho, akawafokea watu wote wapunguze kelele kwani hawaoni kuna mgonjwa. Walipunguza. Lakini hawakuondoka hadi jioni.

Jumatatu gari lilikuja, dereva akapiga honi mpaka Carmel akatoka kumkanya. Dereva akamwuliza mizigo ya Kabare iko wapi. Carmel akamwonyesha nyuma ya nyumba, ambako Constance alikuwa amepiga magoti penye shimo lake anafukia ndizi mbichi, na Francine, kofia usoni, amekaa pembeni kivulini, anampa majani ya kufunikia.